Je, Wajua? Shaba kwa Tani, Shaba kwa Gramu

Hapa kwetu Lubumbashi shaba huhesabiwa kwa tani. Malori yanayosubiri zamu mpakani Kasumbalesa yanaibeba kwa tani, na magazeti yanaitaja kwa tani. Leo tuihesabu kwa gramu. Safu hii ni ya wale wachache wanaojijengea ndege karakanani, na ya wengi wanaoota tu: bodi imesimama, mabawa yamekaa, injini iko njiani, na mwenye ndege ameshika koili ya waya akijiuliza aanzie wapi. Aanzie kwenye karatasi. Mengine ni haya.

Je, wajua kwamba kazi ya waya ni ya zamani zaidi hapa Katanga kuliko mji wenyewe? Lubumbashi ilianzishwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, na tanuru la kampuni ya migodi ya Union Minière likamimina shaba yake ya kwanza tarehe 30 Juni 1911. Lakini karne ya 19, kule Bunkeya, Wayeke wa Msiri, ambao asili yao ni Unyamwezi, walikuwa tayari wanavuta waya. Fimbo ya shaba inapenyezwa kwenye tundu la bamba la chuma, inavutwa. Inapenyezwa kwenye tundu dogo zaidi, inavutwa tena. Hivyo hivyo mpaka inakuwa nyembamba ya kusukia bangili. Waya wa ndege hutengenezwa kwa mtindo huo huo hadi leo. Kilichobadilika ni tundu: kwa waya mwembamba sana, sasa hutobolewa kwenye almasi.

Je, wajua kwamba mwaka 2024 Kongo ilitoa zaidi ya tani milioni 3 za shaba, ikawa ya pili duniani nyuma ya Chile? Nyingi yake huondoka ikiwa mabamba yenye usafi wa asilimia 99.99, usafi unaotakiwa hasa na watengeneza nyaya. Kisha sisi tunakwenda sokoni kununua koili iliyotoka ng'ambo. Majirani zetu wa Zambia, pale Luanshya, wana kiwanda cha nyaya, ZAMEFA, tangu 1968. Sina la kuongeza hapo.

Je, wajua kwamba fyuzi haikuwekwa kulinda redio? Kazi yake ni kulinda waya. Redio ikiungua ndani, imeshaungua. Fyuzi inazuia waya unaokwenda kwenye redio usigeuke kuwa kaa la moto nyuma ya dashibodi. Kwa hiyo ukubwa wa fyuzi huchaguliwa kwa kutazama waya, na mahali pake ni pale umeme unapoanzia safari. Ukiiweka mwisho wa waya, karibu na redio, waya wote ulio nyuma yake uko uchi.

Je, wajua hesabu ya taa ya bawani? Hapa tukae kidogo, maana ndipo ndege nyingi za karakanani zinapokosewa. «Mukubwa, waya ni waya tu,» atakuambia fundi wa nyumba, aliyezoea waya wa milimita mraba 1.5 wa taa na 2.5 wa soketi. Nyumbani yuko sawa, kwa sababu pale kuna volti 220 na volti moja ikipotea njiani hakuna anayeiona. Kwenye ndege ya volti 14, desturi ya mafundi wa Marekani inaruhusu kupoteza nusu volti tu kwa chombo kinachowaka muda wote.

Sasa chukua taa ya ampea 5 iliyo mita 4 kutoka kwenye swichi. Umeme unakwenda mita 4 na kurudi mita 4, jumla 8. Ukitumia waya wa milimita mraba 0.5, ambao hautapata joto la kutisha, utapoteza karibu volti 1.4 na taa itafifia. Ukipanda hadi 1.5, unapoteza kama 0.46, umepita kwa kubahatisha. Lakini shaba ya waya wa kwanza ilikuwa na uzito wa gramu 36, na ya huu wa pili ni gramu 107. Taa moja! Zidisha kwa kila chombo kilichomo.

Kuna njia ya tatu. Jenga ndege ya volti 28. Taa yenye nguvu ile ile sasa inavuta ampea 2.5, kiasi kinachoruhusiwa kupotea kinakuwa volti 1, na ule waya mwembamba wa gramu 36 unapoteza 0.7 tu. Umepita, na shaba imebaki dukani. Ubaya wake ni kwamba betri na vifaa vya volti 28 ni ghali na haviokotwi kwenye karakana za magari, ndiyo maana wajenzi wengi hubaki kwenye 14 na kuvumilia uzito.

Na je, wajua kwamba Katanga nzima imewahi kufanyiwa hesabu hiyo hiyo? Umeme wa bwawa la Inga ulipotakiwa migodini, umbali ulikuwa kama kilomita 1,700. Wahandisi walifanya kama fundi wa taa ya bawani: walipandisha volti, wakazifikisha 500,000, ili ampea zipungue na waya usile umeme njiani. Juu ya hapo wakachagua umeme wa mkondo mnyoofu, ule ule wa betri ya ndege, usio na mawimbi. Njia hiyo ilifika Kolwezi na kuanza kazi mwaka 1982, na kwa miaka ilikuwa miongoni mwa ndefu kuliko zote duniani. Umeme uliokuja kuchimbua shaba ulisafirishwa kwa alumini.

Je, wajua kwa nini alumini? Kwa unene ule ule hupitisha umeme kama asilimia 61 tu ya shaba, lakini uzito wake hauzidi theluthi moja. Kwa uzito, basi, alumini inashinda. Mjenzi wa karakanani aikimbie hata hivyo: hupata kutu isiyopitisha umeme kwenye viungo, na ikikunjwa mara kwa mara hukatika. Hapo ndipo shaba yetu inapolipa uzito wake.

Je, wajua kwamba gramu ni kali zaidi Lubumbashi kuliko pwani? Kiwanja cha Luano kiko karibu mita 1,300 juu ya bahari. Hewa ya hapa ni nyepesi kwa kama asilimia 12 kuliko ya Dar es Salaam, hata kabla ya joto la Oktoba kuipunguza zaidi. Injini inapumua kidogo, propela inashika kidogo, bawa linabeba kidogo. Hata alteneta, inayopozwa na hewa, inapata moto upesi.

Je, wajua kwamba ndege ya akina Wright ya mwaka 1903 iliruka bila betri? Betri za kuwashia injini ziliachwa chini, na angani cheche zilitoka kwenye magneto, kifaa chenye sumaku kinachojitengenezea umeme wake kikizungushwa na injini. Injini nyingi za ndege ndogo bado zina magneto, tena mbili, kila silinda na plagi mbili. Umeme wote wa ndege ukizimika, injini haina habari.

Ila magneto ina tabia moja ya hatari ambayo fundi wa magari hushangaa kuisikia. Kwenye gari ukikata waya wa cheche, injini inazima. Kwenye magneto ni kinyume: swichi huizima kwa kuiunganisha na bodi, kwa hiyo waya huo ukikatika, magneto inabaki hai hata swichi ikionyesha imezimwa. Mtu anakuja asubuhi, anasukuma propela kwa mkono ili kupitisha ndege mlangoni, na injini inawaka. Waya wa kwanza kukaguliwa, na wa mwisho kuaminiwa, ni huo.

Je, wajua kwamba ndege kubwa kuliko zote za abiria ilicheleweshwa na nyaya? Airbus A380 ina nyaya za kilomita kama 530. Zinyooshe kutoka Lubumbashi kwa barabara: zinafika Kolwezi, zinageuka, na zinarudi mpaka zimeipita Likasi. Wajerumani wa Hamburg walizichora kwa toleo la zamani la programu, wakati Toulouse, Ufaransa, walikuwa na toleo jipya. Mikunjo haikuhesabiwa sawasawa. Siku ya kufunga, nyaya zikawa fupi, hazifiki kwenye plagi zake. Mwaka 2006 kampuni ikatangaza ucheleweshaji mmoja baada ya mwingine, na ndege ya kwanza ikakabidhiwa Singapore Airlines Oktoba 2007, karibu miaka miwili nyuma ya ahadi. Kwa hiyo ukipima waya kwa kamba kabla ya kuukata, halafu ukaongeza kiganja kimoja cha akiba kila mwisho, usione aibu.

Je, wajua kwamba roketi zimewahi kurushwa kutoka Katanga? Kampuni ya Ujerumani, OTRAG, ya mhandisi Lutz Kayser, ilipewa na Rais Mobutu eneo la kilomita mraba 100,000 huku Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati huo, ikajenga kambi juu ya uwanda karibu na mto Luvua. Roketi ya kwanza iliruka tarehe 17 Mei 1977. Nyingine ilianguka tarehe 5 Juni 1978, Mobutu akiwa pale pale anatazama. Mwaka uliofuata wakaondolewa.

Kilichonifanya niitaje hapa ni falsafa yake ya karakana. Kayser alitaka roketi ya bei nafuu iliyojaa vitu vya dukani, na vali za mafuta zikawa zinafunguliwa na mota za wiper ya gari. Ndiyo, mota ile inayofuta kioo mvua ikinyesha njia ya Likasi. Waliocheka walikuwa wengi. Lakini mota hiyo ina volti ya betri ya kawaida, imetengenezwa kwa mamilioni, na kila fundi anajua inavuta ampea ngapi. Mjenzi wa ndege akisoma hayo atatabasamu.

Je, wajua kwamba bodi ya ndege ya chuma yenyewe ni waya? Kwenye ndege ya alumini, umeme huenda kwa waya na kurudi kwa bodi, kama kwenye gari. Kwenye ndege ya mbao, au ya nyuzi za kioo na gundi, hakuna pa kurudia, na kila chombo kinahitaji waya wa pili. Mbao ni rahisi kupata. Nyaya zake ni mara mbili. Na zile mbili zisokotwe pamoja, hasa zinazopita karibu na dira, la sivyo ukiwasha taa kaskazini inahama.

Je, wajua kwamba kuchomea kwa bati si lazima kuwa bora kuliko kubana? Bati iliyoyeyuka hupanda ndani ya nyuzi za waya kama mafuta kwenye utambi, ikaacha sehemu ngumu. Injini inatetema, waya unakunjika pale pale ugumu unapoishia, siku moja unakatika. Kichwa cha waya kilichobanwa kwa koleo lake halisi (si plaisi, tafadhali) hukaa miaka. Ndiyo sababu pia waya wa ndege si uzi mmoja mnene kama wa nyumba. Mara nyingi ni nyuzi 19 nyembamba zilizopakwa bati.

Je, wajua kwamba ganda la waya linaweza kuua kabla ya moto? Plastiki ya PVC, ile ya nyaya za nyumba, ikiungua hutoa moshi wenye asidi, na chumba cha rubani ni kidogo kuliko chumba cha jiko. Ganda linalotumiwa sana na wajenzi, Tefzel, linavumilia nyuzi joto 150. Tarehe 2 Septemba 1998, ndege ya Swissair 111 ilianguka baharini karibu na Nova Scotia, Kanada, watu wote 229 wakafa. Wachunguzi waliona kuwa huenda moto ulianza kwa cheche za nyaya zilizo juu ya dari na kushika kitambaa cha kuzuia joto.

Je, wajua orodha inayotangulia mchoro wa nyaya? Andika kila chombo na ampea zake, kisha jiulize: alteneta ikifa nikiwa katikati ya safari, nini kibaki? Redio moja, kifaa cha kuonyesha njia, labda pampu ya mafuta. Vikivuta ampea 6 kwenye betri ya saa-ampea 17, hesabu inasema unakaribia saa 3. Betri iliyozeeka haijui hesabu, chukua nusu. Vingine vyote viwe upande wa swichi unaoweza kuzimwa kwa mkono mmoja.

Je, wajua kwamba mwaka 2019 vijana wa Afrika Kusini, wengi wao wanafunzi, walijenga ndege ya viti vinne aina ya Sling kutoka kwenye vipande vya kiwandani, na rubani wa miaka 17, Megan Werner, akawa miongoni mwa walioirusha kutoka Cape Town hadi Cairo? Na kwamba Nyeri, Kenya, mtaalamu wa kompyuta Gabriel Nderitu amejenga ndege kadhaa nyumbani kwake, moja kwa injini ya Toyota? Kuruka ni jambo jingine.

La mwisho, je, wajua kwa nini wajenzi wazoefu huacha uzi wa nailoni ndani ya bomba la bawa baada ya nyaya zote kupita? Miaka mitano baadaye utataka taa nyingine, na bawa limeshafungwa kwa ribiti. Unafunga waya mpya kwenye ncha ya uzi, mwenzako anashika ncha ya pili kule mwisho wa bawa, na mnavuta polepole, kama Bunkeya.