Chakula cha Bwana Banting

Ndugu msomaji, pengine umesikia mtu akisema, "Ukitaka kupunguza unene, acha bugali, acha mkate, kula nyama." Wengine huita desturi hiyo Banting. Ni vema ujue ilitoka wapi, na kama inafaa mwili wako.

William Banting alikuwa mtu wa London, Uingereza. Kazi yake ilikuwa kutengeneza majeneza na kusimamia mazishi, hata ya jamaa ya mfalme. Mwezi wa Agosti 1862 alikuwa na miaka 65, na uzito wa kilo 92, naye alikuwa mtu mfupi. Hakuweza kuinama kufunga viatu vyake, na ngazi alishuka kinyumenyume. Alikuwa amejaribu mashauri mengi. Alipiga kasia mtoni kila asubuhi, lakini kazi hiyo ilimwongezea njaa, akala zaidi.

Masikio yake pia yalikuwa mazito. Basi akamwendea munganga wa masikio, William Harvey. Huyu alikuwa amesikia huko Paris mafundisho ya Claude Bernard juu ya ini na ugonjwa wa sukari. Akamwambia aache siagi, maziwa, sukari, bia na viazi, na mkate ale kipande kidogo tu, kilichokaushwa motoni. Akamruhusu nyama, samaki, mboga na matunda. Kwa muda wa mwaka mmoja hivi Banting alipungua kilo 21. Mwaka 1863 alichapisha kitabu kidogo kwa fedha yake mwenyewe, akakigawa bure. Alikufa mwaka 1878, mwenye miaka 81.

Kwa nini alipungua? Mwili hutumia chakula kama moto utumiavyo kuni. Chakula kisichotumiwa huwekwa akiba, na akiba hiyo ni mafuta ya mwili. Banting alipoacha sukari na bia na kupunguza mkate, mwili ulianza kutumia akiba yake.

Je, chakula hicho ni kizuri? Kuacha sukari na bia ni vizuri. Nyama, samaki na mayai hujenga mwili, na mboga huulinda. Lakini Banting alikunywa divai kila siku. Katika hilo usimfuate. Tena wengine leo wamegeuza shauri lake. Katika Afrika Kusini, tangu kitabu cha Tim Noakes na wenzake cha mwaka 2013, Banting ni kula mafuta mengi. Lakini Banting mwenyewe alikatazwa siagi!

Sasa angalia sana mambo haya:

1. Kama unatumia insulini au vidonge vya ugonjwa wa sukari, usiache bugali ghafula. Sukari ya damu yaweza kushuka mno, nawe uzimie, hata ufe. Mwulize munganga kwanza, apate kupima dawa yako upya.

2. Mama mwenye mimba au anayenyonyesha asijinyime chakula ili apungue. Mtoto naye asinyimwe.

3. Kama unakonda bila kutaka, usifurahi. Yaweza kuwa kifua kikuu, au ugonjwa wa sukari, au ugonjwa mwingine. Njoo hospitali upimwe.

Na wewe uliye mnene, huna haja ya kununua nyama kila siku. Punguza bugali katika sahani yako, lakini usiiache. Ongeza maharagi, sombe na lengalenga. Weka mawese kidogo. Kula samaki wadogo na matunda. Kunywa maji, na chai bila sukari. Acha pombe na soda. Tembea kwa miguu. Usitake kupungua kwa juma moja. Banting alingoja mwaka mzima.

Mwili wako ni zawadi ya Mungu. Usiulishe kupita kiasi, wala usiutese kwa njaa.