Je, Wajua? Giza Hili Limepigwa Mchana

Zile picha za konokono wa bahari asiye na gamba, rangi zake zikiwaka juu ya weusi mtupu, nyingi hupigwa jua likiwa utosini. Weusi huo ni kazi ya kamera. Mpigapicha huminya tundu la lenzi hadi f/16 au f/22, huweka shata kwenye 1/200 ya sekunde na ISO 100. Mwanga wa jua uliopenya majini hautoshi kuacha alama. Kinachoonekana ni kile tu kilichomulikwa na flashi. Ila mnyama akikaa mbele ya mwamba, ujanja huo hugoma, maana mwamba nao utamulikwa.

Flashi ndiyo pia inayorudisha wekundu, ambao maji huunyonya katika mita chache za mwanzo.

Kazi iko kwenye kuiweka. Ikimulika maji yaliyo kati ya lenzi na mnyama, kila chembe hung'aa na picha hujaa madoa meupe. Mlango-bahari wa Lembeh, Sulawesi, Indonesia, unaopendwa mno na wapigapicha wa viumbe vidogo, una mchanga mweusi wa volkano unaotimka kwa pigo moja la pezi. Huko, flashi mbili, moja kila upande, hurudishwa nyuma kidogo ya uso wa lenzi ili ukingo tu wa mwanga umguse mnyama. Kisha sogea karibu: maji yakipungua, chembe nazo hupungua. Farasi-bahari kibete, asiyefika hata sentimita 3, pengine bado atakugeuzia mgongo.