Gari dogo na kona za Wundanyi

Sisi watu wa pwani tumezaliwa katika nchi tambarare. Mwenye kujifunza gari Mombasa huzunguka Tononoka, akaenda Kizingo, akarudi Makupa, na siku ya mtihani akasukuma vigari vya kuchezea juu ya ule ubao unaojulikana na kila dereva wa Kenya, akapata leseni yake. Mlima haujui. Anachokijua ni matuta ya barabarani na, ikiwa ana jamaa ng'ambo ya Likoni, ule mteremko wa kivukoni.

Na mteremko wa kivukoni si jambo la mchezo. Maji yakijaa, gari hutoka katika feri kama linalotoka uani. Yakipwa, hasa siku za bamvua, feri hukaa chini na barabara husimama mbele yako kama ngazi. Nyuma yako kuna lori, ubavuni watu kwa mamia na mikokoteni yao, na gari la mbele limesimama ghafula. Hapo utamwona dereva wa miaka kumi akitokwa na jasho. Tangu Septemba 2019, gari liliporudi nyuma likatumbukia kutoka katika feri iliyokuwa mkondoni, mama na bintiye wakafa, Mwenyezi Mungu awarehemu, ni nani Mombasa atakayemcheka mwenziwe akiogopa gari kurudi nyuma?

Mimi nilikuwa miongoni mwa waogopao, na ningaliendelea hivyo hivyo lau si arubaini.

Binti yangu ni muuguzi, anafanya kazi na kukaa Wundanyi. Kwa desturi yetu mwana wa kike hujifungulia kwa mamake, lakini yeye alipasuliwa, na aliyepasuliwa hasafirishwi ovyo. Basi ikawa mama ndiye wa kumfuata mwana. Nyumbani nami nina mama yangu mzee, siwezi kumwacha zaidi ya siku nne au tano. Hivyo arubaini nzima ilikuwa ni kwenda na kurudi, na kila nikienda nina samli, mvuje, habasoda, papa, pilipili manga, mkanda wa kumfunga mzazi tumbo, na chungu ambacho hakitaki kugongwa. Ukitaka kwenda na mzigo kama huo kwa matatu, ukashuke Voi, upande nyingine, ushuke tena Mwatate, utafika na vigae.

Gari langu ni dogo, injini yake cc 1000, gia za mkono. Wifi yangu alipolitazama alicheka akaniambia, "Wifi, hilo litakurudisha kinyumenyume mpaka Voi." Kwa kweli usiku ule sikulala vizuri.

Kwa asiyeijua, njia yenyewe ni hii. Kutoka Mombasa hadi Voi ni kama kilomita 160, nchi inapanda lakini kwa adabu, hata huihisi. Voi unashika mkono wa kushoto, njia ya Taveta, unapita hadi kwenye mashamba ya mkonge ya Mwatate. Hapo ndipo unapokunja kulia, na milima ya Taita inakuwa si picha tena. Katika kipande kifupi kinachobaki unapandishwa mamia ya mita, kona juu ya kona, upande mmoja jabali na upande wa pili migomba iliyo chini ya miguu yako.

Safari mbili za kwanza niliacha gari Mwatate kwa jamaa, nikapanda matatu na chungu changu mapajani. Ya tatu alikuja kunipokea jirani yake binti yangu, mzee wa Kidawida ambaye kwa miaka mingi amekuwa akiteremsha kabichi na nyanya za Wundanyi kuzileta soko la Kongowea kwa pikapu yake. Akaliangalia gari langu, akaingia upande wa abiria, akasema, "Mama, zima redio."

Sikumwelewa. Nilidhani hapendi taarabu.

Alinipeleka kwenye kijibarabara cha mteremko mdogo, kisichopita watu. Akaniambia nitie gia ya kwanza, nikanyage breki, kisha niachie klachi polepole bila kugusa mafuta. "Sikiliza." Mguu ulipofika mahali fulani mlio wa injini ukazama, ukawa mzito kama mtu anayeinua gunia, na pua ya gari ikainuka kidogo. "Hapo klachi imeshika. Kanyaga tena." Tukarudia. Tukarudia mara ishirini au zaidi, gari halikwenda popote, na watoto waliokuwa wakitazama walichoka wakaondoka.

Baadaye ndipo ikaja hendibreki. Unaivuta, gari linasimama lenyewe, miguu yako inakuwa huru. Unaongeza mafuta kidogo, unaachia klachi mpaka pale pa mlio mzito, pua inainuka, gari linataka kwenda ila limeshikwa mkia. Unangoja hapo nukta moja, kisha unateremsha hendibreki, nalo linakwenda mbele. Halirudi nyuma hata kidole. Mara ya kwanza lilipoondoka hivyo nilisema Alhamdulillahi kwa sauti, naye mzee akaitikia kwa kucheka.

Sasa nataka niseme jambo. Kabla ya siku ile watu chungu nzima walikuwa wamenishauri, na wengi wao wanaendesha magari yanayojibadilishia gia yenyewe. Ushauri wao wote ulikuwa neno moja: kaza moyo. Mtu aliyeshika usukani kilimani, nyuma yake kuna basi, akiambiwa akaze moyo amesaidiwa nini? Mimi moyo wangu ulikuwa umekazana vya kutosha. Nilichokosa ni kujua gari linafanya nini chini ya nyayo zangu, na hilo hakuna aliyenieleza kwa maneno ya kufahamika, ila muuza kabichi.

Alinikataza pia tabia moja niliyoiona kwa madereva wengi kivukoni, ya kulishikilia gari kilimani kwa klachi na mafuta, likiwa linayumba mbele na nyuma kama mtumbwi. Sahani ya klachi inasagika na kuungua, na ile harufu inayoingia dirishani ni harufu ya pesa zako. Kama foleni imesimama, vuta hendibreki upumzike.

Kupanda kwenyewe kuna elimu yake. Gari dogo halina nguvu ya akiba, na kadiri unavyopanda hewa inakuwa nyepesi na injini isiyo na turbo inapoteza nguvu, karibu sehemu moja katika kumi kwa kila mita 1,000. Kwa hiyo lile lililopaa barabara ya Nyali kwa gia ya nne litakuomba gia ya pili Wundanyi, na si ugonjwa. Kosa la wengi ni kungoja mpaka injini itetemeke ndipo washushe gia, na hapo mwendo umekwisha kufa. Ishushe mapema, ungali na mwendo, masikio yakikuambia mlio unaanza kuchoka. Zima kipoza hewa, kwani nacho kinakula nguvu. Tazama na mshale wa joto.

Kona ndizo zenye kutisha, nazo si sawa zote. Kwa kuwa sisi hushika kushoto, kona ya kulia ukipanda ni pana, unaizunguka kwa nje. Ya kushoto ndiyo mbaya, kwa sababu unapita ndani kabisa, pale barabara ilipojikunja na kuinuka kama bega. Gia ya kona hiyo huchaguliwa kabla ya kufika, moyo ungali umetulia. Ukiingia na gia ya tatu ukataka kuibadilisha katikati huku mikono inazungusha usukani, mkono wa ziada utautoa wapi?

Na ukilazimika kusimama njiani, weka gia ya kwanza, hendibreki juu, na jiwe nyuma ya tairi. Ila ukiondoka liondoe jiwe lako! Mautingo wa malori wana mtindo wa kuyaacha mawe yao katikati ya njia, na nimeyakuta matatu kwenye kona moja. Siwaelewi watu hawa.

Safari ya nne nilipanda peke yangu. Katikati ya mlima lori la mbele lilisimama, na nyuma yangu ikaja matatu ikanibandikia pua. Nikavuta hendibreki, nikangoja. Lori lilipoondoka nikasikiliza mlio, pua ikainuka, nikaenda. Yule wa matatu hakupata hata sababu ya kupiga honi. Chungu hakikugonga kitu.

Kuteremka nilidhani ni raha, kumbe ndiko kunakoua watu. Kanuni ya mzee ni kushuka kwa gia ile ile ambayo ungepandia, injini ndiyo ikuzuie na breki iwe ya kusaidia tu. Breki zikikanyagwa mlima mzima hushika moto, na zikishika moto huacha kushika gari. Wako wanaoweka frii ili kuokoa petroli, na hao nawaambia kwamba wanajisumbua. Injini za siku hizi, gari likiteremka ndani ya gia na mguu umetoka kwenye mafuta, hujikatia petroli zenyewe, lakini ukiweka frii ni lazima zinywe ili zisizimike. Unatia roho hatarini na petroli hukuokoa.

Siku ya arubaini tulimteremsha mtoto Mombasa aonwe na mama yangu. Mzee alitutilia kabichi mbili kwenye buti, za kwake si za kuuza. Tulishuka kwa gia ya pili mpaka Mwatate, na mtoto alilala njia nzima.