Mavimbe ya Kuwasha Yasiyokwisha: Chanzo Chake na Dawa Yake

Uko ugonjwa wa ngozi unaowasumbua watu wengi, wa mjini na wa mashambani. Mtu huamka asubuhi hana kitu, na ifikapo jioni mwili umejaa mavimbe yanayowasha kama aliyeguswa na upupu. Kila uvimbe hutoweka kabla ya siku kwisha, halafu mengine huzuka mahali pengine. Hali hii ikizidi majuma 6, madaktari huihesabu kuwa ni ya kudumu.

Ndani ya ngozi mna chembe hai ndogo zinazohifadhi kitu kiitwacho histamini. Zikichokozwa hukimwaga, mishipa myembamba ya damu ikavuja maji, na ngozi ikavimba. Je, ni nini kizichokozacho? Hapo ndipo wengi wanapokosea. Mgonjwa husema ni mayai, ama samaki, ama maharagwe. Jirani naye husema ni uchafu au uchawi. Ni kweli kwamba mavimbe yanayozuka upesi baada ya kula, kisha yakaisha, yaweza kuletwa na chakula. Lakini haya ya kila siku, mwezi baada ya mwezi, ni nadra sana kuwa na asili hiyo. Mara nyingi ni kinga ya mwili wenyewe inayozishambulia chembe zake. Kwa hiyo mama amnyimaye mtoto maziwa, mayai na samaki pasipo shauri la daktari hamponyi, bali anamdhoofisha. Wala ugonjwa huu hauambukizi. Mgonjwa aweza kulala kitanda kimoja na nduguze.

Dawa yake ni vidonge vizuiavyo histamini. Vya zamani, kama Piriton, huleta usingizi, navyo havimfai dereva. Vya siku hizi, kama setirizini na loratadini, havilewshi sana. Jambo kubwa ni kuvimeza kila siku, hata siku ambayo ngozi ni safi, kwa maana kazi yake ni kuziba njia kabla histamini haijafika. Angojaye mpaka aanze kujikuna amekwisha kuchelewa. Kidonge kimoja kisipotosha, daktari aweza kuongeza hata kufikia vinne kwa siku. Mgonjwa asijiongezee mwenyewe. Iko pia sindano ya omalizumabu kwa wasiosaidika, ingawa bei yake ni kubwa mno.

Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki huwazidishia mwasho baadhi ya wagonjwa. Na dawa za steroidi, ambazo watu huzipenda kwa sababu hutuliza upesi, zikitumiwa muda mrefu hupandisha sukari na kudhoofisha mifupa.

Wengi hupona baada ya miaka michache. Lakini ulimi au koo likivimba, pumzi ikikaza, au mgonjwa akizimia, msingojee vidonge. Mpelekeni hospitali mara moja, hata ikiwa ni usiku wa manane.