Bodi yako ya kwanza ya mawimbi isiwe ya kupiga nayo picha

Sikia, kabla hujamtumia mtu M-Pesa ya bodi ya kuteleza mawimbini, nipe dakika 3 tu.

Mwaka jana mtoto wa halati yangu kule Malindi, kijana wa miaka 15, alinionyesha picha kwenye simu. Bodi nyeupe, nyembamba, ncha kama mkuki, urefu futi 5 na inchi 10. Alikuwa ameweka akiba miezi kadhaa kwa kuosha magari. "Bro, hii ndiyo ya mabingwa."

Nilinyamaza kidogo. Bodi kama hiyo nilishawahi kuwa nayo.

Niliinunua nikiwa na miaka 19, mwaka ule ule niliojiunga na chuo. Msimu mzima wa kusi sikusimama juu yake hata sekunde 5. Nikaiuza kwa hasara, nikaanza kuwaambia wasee kwamba mawimbi ya kwetu hayafai. Chuo nacho niliacha mwaka wa pili. Hiyo ni stori ya siku nyingine, ila kozi yenyewe nilikuwa nimeichagua vile vile, kwa sababu ya jina.

Shida ilikuwa hesabu. Uwezo wa bodi kuelea hupimwa kwa lita. Ile ya mabingwa huwa na lita 25 hadi 30 hivi. Inahitaji wimbi lenye nguvu na mikono iliyozoea kupiga kasia. Na pwani yetu, sehemu kubwa, miamba hulivunja wimbi mbali kabla halijafika ufuoni. Ghuba ya Malindi iko wazi zaidi, ndiyo maana Juni hadi Septemba mawimbi huingia. Lakini anayeanza hucheza na povu la karibu na ufuo, na povu hilo halina nguvu ya kubeba bodi ndogo yenye mtu juu.

Kwa hivyo tafuta kubwa. Kijana wa kilo 50 aanze na bodi ya futi 7 na nusu au 8, upana inchi 22 hivi, lita 60 kwenda juu. Ukiwa mzito zaidi, panda hadi futi 9. Iwe ya sponji juu, siyo faiba ngumu. Utaanguka mara nyingi, na bodi itakurudia kichwani. Sponji inasamehe.

Kama ni ya mkono wa pili, usiangalie rangi. Bonyeza kwa kidole gumba kila mahali. Pakibonyea sana au ngozi ya juu ikiwa imefura kama chapati, gundi imeachia. Iinue: ikiwa nzito kupita kiasi, imekunywa maji. Tikisa mapezi ya chini, yasicheze. Angalia kamba ya mguuni, iwe na urefu unaolingana na bodi na isiwe na mikato. Kamba ikikatika, bodi inaenda zake na wewe unabaki unaogelea. Kwa hivyo kama hujui kuogelea, anza na hilo, bodi ingoje.

Usiianike juani wala kuifungia ndani ya gari, joto litaiharibu. Na uliza wavuvi saa za maji kujaa na kupwa, hasa wakati wa bamvua. Mahali palipokuwa na kina asubuhi, mchana unaweza kukuta mwamba.

Dogo alinuna siku mbili. Mwishowe tukaenda Diani, tukampata mgeni aliyekuwa anarudi kwao akiuza bodi ya sponji ya futi 8, ya buluu, imechubuka pembeni. Tulivuka feri ya Likoni tukiwa tumeibeba kichwani, watu wakituuliza kama tunahama nyumba. Kwenye matatu ya Malindi makanga akadai nauli ya mtu wa tatu. Tulilipa. Ufuoni marafiki zake wakaipa jina: Mlango.

Jumamosi ya pili, dogo alisimama. Alienda kama hatua 15 za mtu mzima, magoti yakitetemeka, hadi mchangani. Wale waliocheka Mlango wakapanga foleni kuuazima.

Ile ya mkuki bado anaitaka, na siku moja ataiweza. Kwa sasa anaingia majini kila wikendi, jambo ambalo mimi na bodi yangu nzuri hatukulifanya hata mwezi mmoja.

Mwezi uliopita niliingia kwenye foleni na mimi. Nilisimama. Sekunde 6, nilihesabu. Hakuna aliyepiga picha.