Mkongwe, Akiba na Zamu

Mwalimu wa michezo wa Maposeni, Songea, anapobandika orodha ya timu ubaoni, hana budi kutaja nafasi ya kila mchezaji. Kipa aliyedaka miaka mingi, na ambaye siku hizi hufungwa mabao mepesi, aitweje? Maneno yanayotumiwa ovyo ni "mzee", "mkongwe" na "wa akiba". Hayana maana moja.

"Mzee" hutaja umri tu. "Mkongwe" hutaja utumishi wa muda mrefu, nayo ni sifa. Kijana wa miaka 25 aweza kuwa mkongwe wa timu yake. "Akiba" ni kitu kilichowekwa kwa siku ya haja, wala si mabaki. Wahenga walisema, akiba haiozi.

Yafaa pia kutenga "kiwango" na "thamani". Kiwango ni hali ya mchezo wake kwa sasa, nacho hupanda na kushuka. Thamani hupimwa kwa haja ya timu. Mwaka 2019 Juma Kaseja, akiwa na umri wa miaka 34, aliitwa tena Taifa Stars. Septemba mwaka huo alikuwa golini Tanzania ilipoitoa Burundi kwa penalti jijini Dar es Salaam.

Makipa wawili wakipokezana mechi kwa mechi, tuseme wanadaka kwa zamu. Anayengoja zamu yake si wa akiba. Mwandishi akichanganya maneno haya, humstaafisha mtu ambaye kocha bado anamhitaji.