Bukavu: Uwanja wa Alfajiri, kelele ambazo wazazi wanapenda kuzisikia

Kengele ya mapumziko ikilia kwenye koleji Alfajiri, mjini Bukavu, Kivu Kusini, wanafunzi hutoka mbio hadi uwanjani na mpira huanza papo hapo.

Mapadri Wajezuiti walifungua shule hii mwaka wa 1938, mji ukiitwa Costermansville, kwa ajili ya watoto wa Wazungu. Mtoto mweusi hakuwa na nafasi pale. Leo uwanja ni wake.

Mwezi wa pili 2025, waasi wa M23 walipoingia Bukavu, shule zilifungwa na watoto wakabaki nyumbani. Tangu hapo, kwa mzazi anayepita barabarani, kelele za mapumziko ni habari njema: watoto wako shuleni.